Njiwa wa Limoges Hataki Kushuka

Kutoka Limoges kwa Wafaransa hadi kwetu Liège, Ubelgiji, njiwa hafuati barabara. Anakata moja kwa moja, kilomita mia sita na ishirini hivi, na upepo ukimsukuma matako anamaliza kwa saa nane na ushee. Jumapili ile redio ilisema njiwa wa mashindano wameachiwa saa moja kamili asubuhi. Mume wangu Lambert akapiga hesabu mgongoni mwa bahasha: saa tisa na robo. Tangu saa nane alikuwa uani, shingo juu kama mtu anayenyolewa ndevu.

Lambert alikuwa ameapa mbele ya wenzake wa chama cha wafuga njiwa kwamba safari hii njiwa wake asipoingia kumi bora, banda linabomolewa na sisi tunahamia Brussels kwa binti yetu Mariette, ghorofa ya saba. Na akishaapa huwa harudi nyuma. Ghorofa ya saba nitafanya nini mimi, nisalimiane na mawingu?

"Saa tisa na robo," nikasema.

"Najua kusoma saa, Odile."

"Na ishirini sasa."

"Nyamaza, mwanamke!"

Jirani yetu Hubert, naye akimngoja njiwa wake, akachungulia juu ya ukuta. "Lambert, njiwa wako kapitia Paris kununua manukato?"

"Wako kaoa hukohuko."

Saa tisa na dakika ishirini na tatu wetu akatokea, mdogo kama nzi. Akashuka, akatua juu ya paa, akaganda. Muda hauhesabiwi mpaka njiwa aingie bandani, umshike, umvue pete ya mpira mguuni na kuitumbukiza kwenye saa ya mashindano, nayo igonge muhuri wa wakati. Njiwa wa juu ya paa ni sawa na njiwa aliye bado Ufaransa.

Lambert akatikisa kopo la mahindi. Akapiga mluzi. Njiwa akanitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, akarudi nyuma hatua mbili.

"Anaogopa nini?" Lambert akanong'ona.

Dakika moja. Mbili. Nikajiangalia. Kila mke wa mfuga njiwa anajua: siku ya mashindano hakuna nguo kwenye kamba, hakuna kofia mpya, hakuna kigeni chochote uani. Na mimi, kwa kutafuta bahati kanisani, nimevaa gauni jipya jekundu!

"Hubert, geuka."

"Nigeuke kwa nini? Njiwa wangu anatokea upande huohuo."

"Shauri yako."

Vifungo sita. Gauni nikalisukumia chini ya benchi, nikasimama na shimizi langu la kijivu, lile ninalowalishia njiwa kila asubuhi, miaka yangu sabini na mmoja yote nje kwenye jua. "Njoo, baba. Njoo."

Akashuka. Akaingia. Pete ikamponyoka Lambert mara mbili. Saa ilipogonga ilikuwa tisa na dakika ishirini na nane.

Jioni chama kikasoma matokeo: sisi wa tisa. Hubert wa kumi na nne, akalalamika kwamba alipotezewa umakini.

Lambert hakunitajia Brussels tena. Nilimsikia tu kwenye simu: "Hatuji, Mariette. Mama yako hafai kuishi na majirani, anavua nguo hadharani."