Nyoka wa Kutosha Mkononi

Binti wa kaka yangu anaitwa Kisa, na ni fundi cherehani hapa Talatala. Ukiingia kibandani kwake utaona futi kamba shingoni mwake, na kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto utaona nyoka. Wapo wateja waliotimua mbio na vitambaa vyao kwapani. Wote walirudi, kwa sababu kuanzia hapa mpaka Mwaya hakuna mwingine anayejua kukata gauni likakukaa vizuri begani. Wanapimwa huku wamefumba macho, lakini wanapimwa.

Nyoka mwenyewe anaitwa Uzi. Kisa alimwokota kwenye lundo la maganda ya kakao nyuma ya nyumba yangu, siku ambayo mimi nilikuwa nimeshanyanyua jembe. "Shangazi, mwache," aliniambia, akainama akamchukua kama mtu anayeokota kifungo. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Leo nasema bila aibu kwamba nampenda nyoka yule. Hana sumu. Ni mwembamba kuliko kidole changu cha shahada, rangi yake ni ya kakao iliyokauka vizuri, na akipita juani mgongo wake unametameta kama mafuta ya taa yaliyomwagika majini. Analala kwenye chungu kidogo cha Kikisi, cha wale wafinyanzi wa kando ya ziwa, nilichokwenda kumnunulia mwenyewe sokoni Lyulilo. Mama muuzaji aliniuliza nataka kupikia nini, nikamwambia anipe chungu aachane na maswali.

Halafu ana adabu. Anakula kipanya kimoja, anashiba, na siku nyingi zinapita hajakusumbua mtu. Tangu aje, panya hawajagusa vitambaa vya watu wala mpunga wangu. Nionyesheni mwanamume mwenye sifa hizo, nami nitamshoneshea suti.

Sasa tatizo lilikuwa hao wanaume. Mchumba wa kwanza alimwambia Kisa achague, yeye au nyoka. Kisa alinyanyuka akamfungulia mlango. Nilikaa na hofu kwamba ndiyo basi, mtoto wetu atazeekea kwenye cherehani. Ndipo akaja Sylvester, seremala wa Mwaya, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Hakuwahi kusema neno baya juu ya Uzi. Akija alikaa kwenye benchi la nje, hata mvua ikinyesha, na mimi nikadhani ni heshima. Kisa alimpenda. Nilijua tangu alipoanza kumshonea mashati bila kumpima na yakamkaa. Tukakubaliana washenga waje Jumapili baada ya ibada.

Alhamisi ikaja pikipiki ya magurudumu matatu na sanduku kubwa mgongoni. Lilikuwa tundu la mbao ya mninga, limepigwa vanishi, limezungushiwa wavu uliokazwa hasa. Kabati za askofu hazikutengenezwa vizuri vile. Ndani yake kulikuwa na chatu. Sylvester alimpata kwa vijana waliomkamata mashambani mto ulipofurika, na kumleta alimleta kwa furaha kama mtu aliyeleta ng'ombe wa mahari.

"Kisa," alisema akiwa amesimama mbali, karibu na barabara, "unapenda nyoka. Nimekuletea nyoka."

Kisa alilizunguka tundu lote. "Nimfanyie nini?" aliuliza.

"Umtazame."

Sitamsingizia yule chatu. Alikuwa mzuri, madoa yake yamepangwa utadhani kitenge cha bei mbaya. Lakini Kisa alipofungua kidogo amwekee maji, kichwa kilitoka na kikarudi na bata wangu, yule mzuri kuliko wote. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Huku kwetu chatu si wa kuchezea. Wazee wetu walisema mchawi hubeba chatu tumboni, na ingawa sote tumebatizwa, ukimwona chatu kwenye ua wa jirani yako unayakumbuka maneno yao yote.

Siku ya pili yake alikuja Anyosisye, kiongozi wa kwaya, kuchukua vitambaa vya sare kabla havijashonwa.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Kisa, mwanangu," alisema, "kale kadogo tumekazoea. Kale ni kama kamba ya kiatu. Lakini hili lidude! Watu watasema nini tukiimba na nguo zilizotoka hapa?"

Kisa alimkunjia vitambaa vyake vizuri, akampa. Kibanda kikabaki kitupu. Akakaa kwenye kiti chake, Uzi akimzunguka vidole, akaniambia neno lililonikata maini.

"Shangazi, waambie washenga wasije."

Nilimwuliza ana wazimu. Mtu amekosea zawadi tu, na seremala wa namna ile hapatikani sokoni!

"Mwaka mzima ananitazama," alisema, "na bado hajaona ninachokipenda. Anadhani napenda nyoka, basi akiwa mkubwa nitapenda zaidi. Uzi namjua uzito wake, Shangazi. Akiwa na njaa najua, akitaka kujivua ngozi najua, nikiwa na huzuni najua alipo bila kumtafuta. Yule wa kwenye tundu ananiogopa, nami namwogopa. Tutaishi tunatazamana kwenye wavu mpaka lini?"

Akalia. Hakulia kwa mchumba wa kwanza, lakini kwa huyu alilia.

Jumamosi asubuhi walikuja watu wa wanyamapori, tuliowapigia simu, wakamchukua chatu wakamrudishe kunakomfaa. Gari lao lilikuwa halijapinda kona Sylvester alipofika. Nilikuwa nimemwandalia maneno, na nilianza na la bata. Likafuata la kwaya, na la washenga ambao sasa hawana safari. Alisikiliza yote amesimama, kisha akaketi kwenye benchi lake la nje.

"Shangazi, mimi naogopa nyoka," alisema. "Tangu utoto. Hata huyo mdogo. Huyo mdogo ndiye namwogopa zaidi, maana huyo lazima umshike. Nikafikiri nikileta mkubwa atakaa kwenye tundu, Kisa atafurahi, na yule mdogo hatatakiwa tena. Ule wavu niliukaza kwa ajili yangu."

Mwaka mzima mvua inamnyeshea pale nje, na mimi naita heshima.

Kisa alikuwa amesikia. Alitoka, akaketi kando yake, wala hakucheka. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, Uzi akiwa kifundoni, akauweka kwenye paja lake mwenyewe, kiganja juu. Sylvester aliutazama mkono ule muda mrefu, jasho likimtiririka kama aliyepanda mlima na gunia. Kisha akaweka wake kando, vidole vikagusana.

Uzi hakuwa na haraka. Aliinua kakichwa kake, akatoa ulimi, akavuka. Akapita kwenye kidole gumba cha seremala chenye makovu ya randa na patasi, akajizungusha kwenye kifundo, akatulia. Sylvester alikuwa amefumba macho.

"Fumbua," Kisa alisema.

Akafumbua. "Mwepesi hivi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwepesi hivyo."

Nilisubiri auvute mkono. Nilisubiri sana, nikiwa nimeshika mdomo, na hakuuvuta.

"Shangazi," Kisa aliniita bila kuondoa macho kwenye mkono ule, "waambie waje."