Papa Nissim Akamilisha Kumi

Jumatatu jioni mhudumu Immaculée alisukuma kiti cha magurudumu cha bibi aliyemtunza, Mama Vida Hasson, hadi ndani ya sinagogi, akakiegesha nyuma ya pazia, upande wa wanawake. Mama Vida, Myahudi wa Lubumbashi aliyehamia ughaibuni, alitaka jambo moja tu: marehemu dada yake Allegra asomewe sala ya wafiwa, na shairi aliloliacha lifasiriwe mbele ya watu. Sala hiyo ilihitaji wanaume kumi. Walikuwapo tisa, na mmoja alishaanza kutazama saa.

"Na mimi niko," alisema Mama Vida.

Rabi, kijana mpole, alimjibu kwamba anamwona.

Ndipo mume wa Mama Vida, Papa Nissim, akaingia akipangusa mvua mabegani. Alikuwa amefariki mwaka wa korona. Aliomba radhi, akasema basi la kutoka kituo cha Digbeth lilichelewa.

"Mama, Papa iko anafika," Immaculée alinong'ona.

"Na viatu bichafu. Hajabadilika."

Wanaume wakashauriana. Rabi alifungua kitabu: awe Myahudi, awe mwanamume, awe amebaleghe. Hakuona palipotajwa kupumua. Papa Nissim akahesabiwa, sala ikasomwa, na Mama Vida akaitikia amina mpaka pazia likatikisika. Alilia kidogo, akafurahi.

Kisha rabi akamwita Papa Nissim afasiri shairi la shemeji yake. Mama Vida ndiye aliyefundisha mashairi maisha yake yote. Papa Nissim hakuwahi kumaliza hata barua za benki. Akasogea kwenye pazia.

"Vida, niseme nini?"

Shairi lenyewe lilikuwa fupi:

*Niachieni mlango wazi,*
*mikono yangu imejaa unga.*

"Sema iko anaomba kuingia," alisema Mama Vida. "Alilisha bote benye kusali, sasa hana mukono ya kufungua mulango. Benye kuwa ndani njo bafungue."

Papa Nissim akawageukia watu, akakohoa.

"Shemeji," alisema, "alipenda sana kuoka mikate."

Wanaume wakatikisa vichwa. Mmoja alisema hajapata kusikia ufasiri wenye kina namna ile. Mama Vida alipandwa na hasira hadi miwani ikaingia ukungu.

Baada ya chai, Papa Nissim akapewa kiti chake cha kudumu, chenye mto. Rabi akainua pazia, akamwomba Mama Vida wiki ijayo amlete mapema kidogo.

"Nitamuleta," alisema Mama Vida, maana wiki ijayo ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mama yake, na bila Nissim walikuwa bado tisa.