Kigoda Alichokalia Mwalimu wa Dini

Mwaka 1954 nilijifungua mapacha hapa Nkololo, Kulwa na Doto. Kwetu mapacha wasipoimbiwa nyimbo za kuondoa mkosi hakuna anayewapokea mikononi. Basi mama mkwe wangu Nyanjige, ambaye hata neno paja hakuwahi kulitamka mbele yangu, alisimama mlangoni na wenzake wakaimba matusi ya wazi, viungo vya mwanamume na mwanamke kwa majina yake. Mimi nilikuwa nimesoma madarasa matatu kwa masista. Nilijifunika uso. Walipomaliza walinawa, wakawabeba watoto, heshima ikarudi palepale.

Wiki iliyofuata akaja Kristofa, mwalimu wa dini. Yeye ndiye aliyeandikisha watoto wa kubatizwa. Akakaa kwenye kigoda changu, akafungua daftari.

"Mayu," akaniita mama kwa lugha yetu, "nasikia hapa paliimbwa. Siandiki watoto mpaka niijue dhambi yenyewe."

"Ni matusi tu, mwalimu."

"Matusi gani? Taja."

Nilitaka wanangu wabatizwe. Nikataja moja, macho chini.

"Sijasikia. Rudia."

Nikarudia. Hakuandika kitu. Mtoto alikuwa ananyonya, na yule bwana alikuwa anatazama ziwa langu, midomo imelowa.

"Na lile la mwanamke, walilisemaje? Polepole."

Neno lilelile mama mkwe alilitoa kama mtu anayetapisha sumu. Huyu alikuwa analitafuna.

Nyanjige alikuwa nje anapepeta mtama. Akaingia na ungo wake.

"Doto," akamwita, maana ndilo jina la Kristofa la kabla ya ubatizo. "Nyimbo hizohizo tulimwimbia mama yako ulipozaliwa wewe na Kulwa wako. Mimi nilikuwa mbele. Kaa, nikuimbie zote."

"Mama, mimi niko kazini."

"Na mimi pia. Nimwite mkeo aje asikilize?"

Kristofa akainama, akaandika upesi, akaondoka bila kuaga.

"Kaandika nini huyo?" mama mkwe akaniuliza. Yeye hakujua kusoma, lakini mimi nilikuwa nimechungulia daftari.

"Majina ya watoto. Yote mawili."

"Haya." Akarudi kwenye mtama wake.

Kile kigoda nilikisugua kwa majivu, mara mbili. Bado nikashindwa kukikalia. Jioni nikakipasua, nikapikia ugali.