Kutoka ya Tano Kwenda ya Nne

Mado alikuwa bado hajalizoea gari lake jipya. Lilikuwa la gia za mkono, lakini kila aliposhusha gia, injini ilijiongeza nguvu yenyewe ili gari lisishtuke. Jambo hilo lilimpa moyo mno.

Siku ya kumchukua mama yake mpakani Kasumbalesa, ili aje kupasuliwa macho Lubumbashi, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kaka yake Clovis, dereva wa malori, alikuwa amevunjika mkono. Aliketi kando yake, mkono wenye plasta ukiwa mapajani.

Kwenye mteremko, lori likapunguza mwendo mbele yao. Mado alitaka kutoka gia ya tano aingie ya nne. Kwa haraka akavuta vibaya, ikaingia ya pili. Injini ikapiga yowe, magurudumu yakateleza, gari likageuka na kuishia majanini.

Hakuna aliyeumia. Mado aling'ang'ania usukani.

"Nilizani motokari inajua yenyewe," alisema.

"Inajua kupandisha moteri tu," Clovis akamjibu. "Kuchagula vitesi, hizi gia, ni weye. Ukiipa ya mbili mu mbio, itaikubali tu." Akatoa simu. "Niite taksi."

"Hapana, yaya. Mama iko anatungojea. Unifundishe," Mado akamwambia kaka yake.

Clovis akamtazama, kisha akairudisha simu mfukoni. Gari likiwa limezimwa, akamwonyesha: kiganja wazi, gia iachwe irudi katikati yenyewe, kisha ivutwe moja kwa moja nyuma, isivutwe kushoto.

"Freni kwanza. Mwendo ukishuka, ya ine. Kisha ya tatu. Usiruke. Na ambreyaji, klachi hiyo, mguu utoke polepole."

Mado alirudia na kurudia mpaka mkono ukaacha kusita. Kisha akawasha gari, akarudi barabarani.

Karibu na Kasumbalesa, kwenye mteremko mwingine, taa nyekundu za malori zikawaka ghafla. Clovis akakanyaga sakafu kana kwamba breki iko upande wake. Mado akakanyaga ya kweli. Akasubiri mwendo upungue. Ya nne: injini ikanguruma kidogo, ikatulia. Ya tatu. Gari likasimama nyuma ya lori, nafasi ingali tele.

Clovis akashusha pumzi.

Mama alikuwa amesimama karibu na wabadilishaji pesa, mfuko begani.

"Nani aliendesha?"

"Ni miye, mama," Mado akajibu.

Mama akafungua mlango wa mbele, upande wa Clovis. "Clovis, enda nyuma. Nitaikala na mutoto wangu."