Arobaini na Nne Zilizokosekana

Shimo la majivu chini ya tanuri la chokaa lilikuwa na joto zuri, na hapo ndipo mama mchoma chokaa alipomlaza kitindamimba wake kila asubuhi ya baridi. Mtoto alilala kama gogo, akaamka mlegevu, kichwa kizito. Mama alidhani ni meno. Mwenye mtoto mdogo na asome hadi mwisho.

Binti yake mkubwa, ambaye nyumbani walimwita Profesa, alikuja tanurini na mizani ya jikoni na daftari la kemia. Akachagua jiwe jeupe, akalichonga mpaka likapima gramu mia kamili.

"Likiiva litabaki hamsini na sita."

"Nani kakwambia? Wewe hata kuni hujawahi kuchochea."

"Kalamu, mama."

Mama, aliyeishia darasa la saba, alicheka mpaka akajishika kiuno. Miaka yote alijua mawe hutoka mepesi, ila alisema ni maji yamekauka.

Jiwe lilitoka siku ya pili asubuhi. Mtoto alikuwa keshalazwa mahali pake. Walisubiri lipoe, wakapima: hamsini na saba.

"Kalamu yako imekosa moja, Profesa."

Binti akalipasua. Katikati palikuwa na kiini kigumu, kidogo kama harage. "Moja yako hiyo hapa. Haijaiva."

Mama akakaa chini. Binti akafungua daftari: kalsiamu arobaini, kaboni kumi na mbili, oksijeni tatu za kumi na sita, jumla mia. Ng'ambo ya mshale, chokaa hamsini na sita. "Pande mbili lazima zilingane uzito, mama. Hakuna kinachopotea: arobaini na nne zilizobaki ni hewa."

Mama alitazama rundo la mawe lililofika mabegani mwake. Karibu nusu yake ilikuwa hewa, imefungwa humo tangu dunia ilipoumbwa, na yeye ndiye aliyekuwa akiifungulia mlango kwa kuni zake. Mwili ulimsisimka. Kwamba mtoto aliyemzaa mwenyewe aliyajua hayo akiwa amekaa mezani, hilo nalo lilimshinda.

"Sasa hizo arobaini na nne ziko wapi?"

"Zimetoka. Ni hewa ya ukaa. Ikipoa huwa nzito kuliko hewa yetu, basi inashuka, inatuama kwenye ma..."

Hakumaliza. Mama alikuwa ameshafika shimoni, amebana pumzi, amemnyakua mtoto. Midomo yake ilikuwa imeiva rangi ya zambarau. Walimkimbiza kwenye upepo, wakamsugua nyayo, wakamwita, wakamwita tena. Alipolia, mama naye akalia.

Shimo lilifukiwa siku hiyohiyo. Mpaka leo, akipakia tanuri kilo mia, mama husema kwa sauti, "Arobaini na nne," kisha huangalia kwanza mtoto yuko wapi, na upepo unaelekea wapi. Wewe unayemlaza mwanao penye joto, jiulize joto hilo linatoa nini usichokiona.