Taa Mpya ya Bibi Arusi

Taa ya kwanza Abdulghafur aliifua kwa shaba, akaulehemu mshono mara mbili, akaitundika nyumbani kwake, mtaa wa Mkomani, mjini Amu. Haikuvuja hata tone. Bwana Wazir, mwenye duka, alipoiona alitaka za kujaza duka zima. "Lakini tumia bati la madebe," alisema, "na mshono ulehemu mara moja tu. Nani atauchungulia?" Fundi alinung'unika, kisha akafua. Taa zikatoka nyingi, zinang'aa, na ubovu wote umejificha chini.

Binti yake Alawiya alipoolewa aliiomba ile ya shaba. Mamake akaruka: "Bibi arusi apewe kitu kilichotumika? Watu wa Amu watasema nini!" Abdulghafur aliujua ule mshono wa taa za bati, lakini aliona haya. Akamchagulia taa mpya ya bati, iliyong'aa kuliko zote.

Mwezi haukuisha. Usiku mmoja taa ile, iliyotundikwa juu ya kitanda, ilivuja mafuta, moto ukamkuta Alawiya usingizini.

Matangani, giza lilipoingia, Abdulghafur aliiwasha taa ya shaba. Mkwewe, mikono imefungwa vitambaa, aliitazama sana.

"Na hii pia umeifua wewe, baba?"