Fizi za Mpiga Tarumbeta

Baba Mdogo aliingia chumba cha meno akitabasamu, na tabasamu lenyewe ndilo lililomshtua daktari. Meno mawili ya mbele, yale ya juu anayoegemezea tarumbeta, yalikuwa yameachana kama milango iliyolegea bawaba.

"Nimekuja unipe hongera, mwanangu," akasema, akijitandaza kwenye kiti cha wagonjwa kama yuko sebuleni kwake. "Fizi zimepona. Jana nimepuliza harusi nzima, hata kuuma haziumi."

Daktari alikuwa binti wa kaka yake, na ndiye aliyempangia aje akwanguliwe ugaga, ule uchafu ulioganda kwenye meno, chini ya fizi kabla ugonjwa haujala mfupa. Siku ilifika, mzee hakutokea, na simu hakupokea. Sasa daktari akavaa glavu, akalishika jino moja kwa vidole viwili, likacheza mbele na nyuma. La pili nalo vivyo hivyo. Fizi zilikuwa nyeupe, zimebabuka, na mwenyewe hana hili wala lile, katulia tuli.

"Baba Mdogo, umepaka nini humu?"

Akatoa kichupa mfukoni. Mafuta ya karafuu, matupu, hayajachanganywa na kitu chochote. Anapaka kabla ya kupuliza, anapaka baada ya kupuliza. Wapiga tarumbeta wa bendi yake hujipima hivyo: ukipuliza ukaumia, unaumwa; usipoumia, umepona. Na karafuu, jamani, kitu cha kwanza inachofanya ni kutia ganzi! Basi mzee wa watu akawa anapuliza kuliko zamani, anakandamiza chuma kwenye meno yanayolegea, huku anamshukuru Mungu.

"Nani alikwambia upake?"

"Si wewe mwenyewe?" Alishangaa kweli. Akafungua simu, akaiweka sikioni kwa daktari.

Sauti ilikuwa ya daktari mwenyewe, haikufichika. *Mafuta ya karafuu yanaua vijidudu vya fizi. Tumeyajaribu, yanaua.* Halafu ikaingia sauti ya kaka yake mkubwa, anayeuza mafuta hayo stendi, ikiwaita abiria waje wachukue chupa zao, kliniki wawaachie wenye muda wa kupoteza.

Damu ilimchemka. Maneno hayo aliyasema, tena mezani kwa mama yao, lakini hakuishia hapo. Alisema yanaua kwenye kisahani cha maabara. Alisema kinywani bado wanachunguza, mafuta yakiwa yamezimuliwa sana, na meno yakiwa yameshasafishwa, si badala ya kusafishwa. Kaka mtu alirekodi yote, yaliyomfaa akayabakiza, mengine akayafuta.

"Usimseme sana," Baba Mdogo akamkingia kifua. "Kijana anajitafutia."

"Anajitafutia kinywani mwako?"

Picha ya eksirei ilipotoka, daktari akamwonyesha mizizi ya meno yale mawili, inaning'inia kwenye nyama tu, mfupa umekwisha. Mengine angeyaokoa. Hayo mawili hapana. Baba Mdogo aliitazama picha, akauliza jambo moja tu, kama meno ya bandia yanaweza kupuliza. Daktari alitamani amdanganye.

"Itabidi ujifunze upya," akasema. "Na sauti yako ya zamani huenda isirudi."

Kwa hiyo akayang'oa, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Kwa hasira, hata pole hakumpa mzee.

Vidonda vilipofunga, wakaenda stendi pamoja. Kaka alikuwa nyuma ya meza yake, chupa zimepangwa, kipaza sauti kinaimba maneno ya daktari bila kupumzika. Alipowaona akajitia hamnazo kwanza, kisha akanyoosha mkono kuwavuta pembeni.

"Mdogo wangu, njoo huku tuongee."

"Hapa hapa, Kaka. Sauti yangu umeitangaza mbele za watu, nami nasema mbele za watu."

"Nimedanganya nini? Hukusema yanaua?"

"Nilisema mpaka mwisho. Huo mwisho umeupeleka wapi?"

Waliokuwa wanachagua chupa wakaacha kuchagua. Kaka akaona mambo yanamharibikia, akamgeukia Baba Mdogo na kicheko cha kubembeleza.

"Baba Mdogo, hebu mwambie. Maumivu si yaliisha?"

"Yaliisha," Baba Mdogo akasema.

Akafungua mkoba, akatoa tarumbeta, akaliweka mdomoni. Akapuliza. Ikatoka pumzi tupu, na mate. Akajipanga vizuri, akapuliza tena kwa nguvu zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, ikawa pumzi ile ile. Hakuna aliyecheka.

Akalifuta kwa kitambaa chake, taratibu, kisha akalilaza mezani katikati ya chupa.

"Liuze na hili," akasema.